"Set" haliishii kwenye "weka": jibu kwa fundi wa Kibuye

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Binti yangu yuko Gredi ya 7. Wiki jana walipewa sentensi kumi za Kiingereza, kila moja ikiwa na neno "set", wazitafsiri kwa Kiswahili. Yeye aliandika "weka" zote kumi akapata tatu. Alilia. Nilipokaa naye nimsaidie, nikagundua kwamba hilo neno nalitumia kazini kila siku lakini siwezi kulieleza. Lina maana ngapi? Kwa nini neno dogo namna hiyo libebeshwe mzigo mkubwa hivyo? Na nimsaidieje mtoto? La mwisho: kibao changu cha nje kimeandikwa "sofa set". Nataka kukipaka rangi upya kwa Kiswahili. Niandike nini?

Jibu: Fundi, salamu kwako na kwa binti. Nianze na yeye. Mwambie hakukosa kwa ujinga. "Weka" ndilo jibu la kwanza ambalo kamusi ndogo humpa mtoto, na katika sentensi zake tatu lilimtosha. Huenda zilikuwa za namna hii: mtu akiweka bei, akiweka sharti, akiweka rekodi, hapo "weka" linakaa vizuri. Kilichomwangusha ni kuamini kwamba neno moja la Kiingereza linadai neno moja la Kiswahili. Watu wazima wenye shahada wanaamini hivyo hivyo. Mimi kazi yangu hapa Nakuru ni kusahihisha tafsiri, na kosa hilo nalikuta kila wiki kwenye karatasi za watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu idadi. Kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza, ile ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989 ililipa "set" maana 430. Maelezo ya neno hilo peke yake yalichukua takriban maneno 60,000, ambayo ni ukubwa wa riwaya. Kwa miaka mingi ndilo lililokuwa neno lenye maelezo marefu zaidi humo ndani. Mwaka 2000 wahariri walianza kutoa toleo jipya kidogo kidogo wakianzia herufi M, na kila walipofikia kitenzi kingine kifupi rekodi ikavunjwa: "make" mwaka huo huo wa 2000, "put" mwaka 2007, kisha "run" mwaka 2011 kikiwa na maana 645. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alihangaika na "run" kwa zaidi ya miezi tisa.

Usitishwe na hesabu hizo, wala usimtishe nazo mtoto. Kuhesabu maana za neno ni kama kukata mkate, idadi ya vipande inategemea mwenye kisu. Chukua "tega" la kwetu. Mtu hutega mtego wa panya. Hutega sikio. Hutega ndoo chini ya mfereji wa paa mvua inaponyesha. Hutega mgongo abebeshwe gunia. Hutega saa ya kengele imwamshe alfajiri. Na bibi akisema "Kitendawili!" watoto wote huitikia "Tega!" Hizo ni maana sita au ni moja? Mwandishi wa kamusi anaweza kuandika sita na asilaumiwe. Mimi naona tendo moja: kukiacha kitu tayari kwa ajili ya kile kinachokuja, awe panya, maji, sauti, mzigo, asubuhi au jibu. Mtoto aliyekulia ndani ya Kiswahili hajawahi kukariri orodha ya maana za "tega". Alilishika hilo tendo moja tu, na mengine yakamjia yenyewe.

Kwa nini maneno madogo ndiyo yenye maana nyingi? Kwa sababu ndiyo yanayofanya kazi kila siku. Mwaka 1945 mtaalamu wa Marekani, George Kingsley Zipf, alionyesha kwamba idadi ya maana za neno huongezeka kadiri neno linavyotumika, kwa kiasi cha kipeuo cha pili: neno linalotumika mara 100 kuliko jingine litakuwa na maana kama mara 10 zaidi. Neno la kitaalamu linalotamkwa mara moja kwa mwezi hubaki na maana yake moja. Neno la jikoni, la shambani na la barabarani hukopwa na kila mtu, na kila mtu hulirudisha na kitu kidogo juu yake.

Sasa tuingie ndani ya "set" lenyewe, maana hapa Kiswahili kinakupa ufunguo ambao Mwingereza mwenyewe ameupoteza.

Wewe unajua kwamba kutoka "keti" tunapata "ketisha", kutoka "lala" tunapata "laza", kutoka "anguka" tunapata "angusha". Hata mtoto wa miaka minne anajua kuitumia mashine hiyo. Zamani sana lugha zilizozaa Kiingereza zilikuwa nayo pia, ila zilibadilisha sauti ya ndani ya neno. Kutoka "sit", yaani keti, ikapatikana "set", yaani ketisha. Kutoka "lie", yaani lala, ikapatikana "lay", laza. Kutoka "fall", anguka, ikapatikana "fell", ambalo mkata miti anayekuletea magogo analifanya kila siku: kuangusha mti. Katika Kiingereza cha kale "set" liliandikwa "settan", na Wajerumani mpaka leo wana "sitzen" na "setzen" zikiwa zimesimama ubavuni mwa kila moja. Mashine yenyewe ilikufa. Mwingereza wa leo hawezi tena kuunda neno jipya namna hiyo, na wengi wao hawajui kabisa kwamba "set" ni mtoto wa "sit". Binti yako anaweza kulijua leo jioni, kwa sababu mashine ile ile katika lugha yake ingali inazunguka.

Kwa hiyo anapokutana na "set", asikimbilie "weka". Ajiulize kwanza: ni nini kimeketishwa, na kimeketi wapi? Nitapita naye sentensi kadhaa. Hukuniandikia zake, lakini najua zile ambazo walimu hupenda kuzitoa.

Ya kwanza huwa ni ya jua. "The sun set." Akiandika "jua liliweka", mtu atauliza: liliweka nini? Nenda naye Dunga jioni, kwenye saa kumi na mbili na nusu, mtazame upande wa magharibi jua linaposhuka kwenye ziwa. Mwingereza alipoliona likifika chini alisema limejiketisha. Mswahili akasema jua limetua, kama ndege anavyotua mtini na kama mchukuzi anavyotua mzigo baada ya mwendo mrefu. Majirani zako Waluo husema "chieng' opodho", jua limeanguka. Mmoja kaliketisha, mmoja kalitua, mmoja kaliangusha, na jua ni lile lile na maji ni yale yale. Hapo mtoto ataona kwa macho yake kwamba kutafsiri ni kuuliza watu wa lugha yako wanalionaje jambo hilo hilo. "Jua limetua", au "limekuchwa" akitaka neno la wazee.

Twende karakanani kwako sasa, maana huko ndiko neno hili lilikonona.

Unapopaka gundi kwenye kiungo cha mguu wa meza na kukibana kwa jiriwa, ukirudi baadaye unasema "imeshika". Mwingereza angesema "set". Gundi ilikuwa majimaji, haina makao, sasa imeketi na haitoki. Hii ndiyo maana ya kuganda na kushika, na inahusu pia uji ulioachwa kwenye sufuria mpaka ukafanya ngozi, na mafuta ya kupikia asubuhi ya baridi ya hapa Nakuru. Kiswahili kina maneno mawili hapo, "ganda" na "shika", na ukiyabadilisha utasikika mgeni. Uji huganda. Gundi hushika.

Na simiti? Hapa namwomba binti awe makini sana, kwa kuwa hata wakubwa hukosea. Sentensi itasema "the cement has set", na wengi huandika "saruji imekauka". Kama ni jaribio la Kiswahili na la akili, hilo ni kosa. Saruji haishiki kwa kukauka. Inashika kwa sababu inaungana na maji na kufanyika kitu kipya kigumu, ndiyo maana hushika hata ndani ya maji, kama kwenye nguzo za daraja. Fundi mwashi akishamwaga zege, baada ya saa chache limeshika, lakini kwa siku kadhaa bado analimwagilia maji na kulifunika kwa magunia lisikauke mapema, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kushika ni jambo la saa, kukomaa ni jambo la wiki, na kukauka ndiko anakokuogopa. Andika "saruji imeshika".

Sasa chukua msumeno wako wa mkono, umwite binti, uulaze kwenye mwanga ili aone makali yake kutokea nchani. Mwonyeshe kwamba meno hayakusimama kwenye mstari mmoja. Moja limeegemea kushoto, la pili kulia, la tatu kushoto, mpaka mwisho wa bapa. Kuinama huko ndiko Waingereza wanakokuita "set" ya msumeno. Wewe ndiwe unayeyapinda hayo meno kila yanapochoka, moja moja, ukiyahesabu kwa kidole usije ukapinda mawili yanayofuatana upande mmoja. Mweleze kwa nini: njia ambayo msumeno unachimba lazima iwe pana kidogo kuliko bapa lenyewe, ama sivyo mti utaubana katikati ya ubao na utasukuma mpaka jasho likutoke. Mwonyeshe pia kwamba ukikata mbao mbichi unayapinda zaidi, na ukikata mbao ngumu iliyokauka unayapinda kidogo. Kila jino limeketishwa upande wake. Hiyo ni maana moja kati ya zile 430, na mtoto akiigusa kwa kidole cha shahada haitamtoka maishani. Neno la Kiswahili? Mafundi husema wazi tu: kupinda meno ya msumeno. Inatosha.

Daktari naye. "The doctor set his arm." Hapa Kiswahili husema "aliunga mkono wake", lakini angalia tofauti, maana ni nzuri. Mfupa uliovunjika na kuteguka hukaa mahali pasipo pake. Daktari huuvuta na kuuketisha tena mahali pake, kisha huufunga kwa plasta usihame. Kuungana kwenyewe hufanywa na mwili, wiki nyingi baadaye. Kiingereza kinataja kazi ya daktari, Kiswahili kinataja kinachotarajiwa. Jibu "aliuunga" ni sahihi. "Aliweka mkono wake" ni sentensi nyingine kabisa, inamfanya daktari awe ameweka mkono wake mahali fulani.

Mengine yaende haraka. Kuandaa meza. Kutunga mtihani. Kutega mtego, na kutega saa pia, tulikwishaliona. Kuchoma au kuwasha moto, kutegemea kama ni nyumba au ni jiko. Vitabu vya fasihi ambavyo wanafunzi wa sekondari huviita "setibuku" ni vitabu teule, vile vilivyowekwa kando kwa ajili ya mtihani. Nywele zilizosetiwa saluni ni zile zilizozungushiwa rola na kukalishwa chini ya mashine ya kukaushia mpaka zikashika umbo, na hapo "kaa" letu linajibu vizuri sana, maana hata nguo tunasema imemkaa mtu.

Lipo moja la riadha ambalo nalipenda. Mbio fupi zikianza, mwanzishaji hutoa amri mbili kabla ya bastola: ya kwanza watu wachukue nafasi zao, ya pili ni "set". Kwa amri hiyo ya pili wakimbiaji huinua viuno na kuganda kama sanamu. Wameketishwa tayari, ingawa hakuna aliyeketi. Kiswahili chake ni "tayari". Sheria ya riadha huitumia amri hiyo ya pili mpaka mita 400 tu. Mbio zikizidi hapo huwa ni "kwenye nafasi zenu", kisha bastola. Kwa hiyo Ferdinand Omanyala alilitii neno "set" siku alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, lakini Faith Kipyegon akisimama kwenye mstari wa mita 1,500 halisikii kabisa.

Mtoto atauliza pia kuhusu "set off", "set in", "set up" na wenzao. Hayo ayachukue kama maneno mapya kamili, kila moja peke yake, wala asijaribu kuyapasua. "Set off" ni kufunga safari, au kung'oa nanga kwa walio majini. Mvua za masika zikisemwa "set in", zimeanza na hazina haraka ya kuondoka. "Set up" ni kuanzisha, kama vile wewe ulivyoanzisha karakana, na pia ni kumtegea mtu mtego aonekane mkosaji. Kiswahili hakina haja ya vijineno vya mkiani kwa sababu vitenzi vyetu vyenyewe vimejaa.

Jambo jingine dogo ambalo huenda lilimpotezea alama: neno hili halibadiliki kwa wakati. Leo ni "set", jana ni "set", limekwisha tendeka ni "set". "They set the table" inaweza kuwa wanaandaa meza kila siku, au waliiandaa jana. Asome sentensi nzima atafute neno la wakati kabla hajachagua kati ya "hu-", "li-" na "me-".

Nimebakiza siri moja, nayo inahusu kibao chako.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba "set" ni neno moja. Kwa kweli ni mawili yaliyovaa shati moja. Lile la kuketisha ni la nyumbani kwa Waingereza. Lakini "set" lenye maana ya kundi la vitu vinavyokwenda pamoja, kama sufuria, vikombe au viti, lilipitia Ufaransa. Wafaransa wa kale walikuwa na "sette", lililotoka kwenye "secta" la Kilatini, yaani watu wanaomfuata kiongozi mmoja au fundisho moja. Ndilo mzazi wa neno la Kiingereza la madhehebu. Lilipofika Uingereza likakuta jina lake tayari lina mwenyewe, yakachanganyika, na watu wakaanza kudhani kundi la vikombe linaitwa hivyo kwa sababu vimewekwa pamoja. Ni kama "kaa" letu: kaa wa pwani mwenye magando, kaa la moto, na kaa la kukaa kitako. Yanasikika sawa, lakini hakuna anayesema mmoja kamzaa mwenzake.

Ukitaka kumwonyesha binti yote mawili uwanjani, mpeleke akaone mpira wa wavu. Timu inapigania seti, kundi la pointi mpaka 25, na ya tano mpaka 15. Hilo ni lile la Ufaransa. Lakini yule mchezaji anayeupokea mpira kwa ncha za vidole na kuuinua taratibu mbele ya mpigaji, kiasi kwamba ni kama ameuketisha hewani umsubiri mwenzake, huyo anafanya lile la kuketisha. Maneno mawili tofauti katika mchezo mmoja, ndani ya dakika moja.

Kuhusu kumsaidia, fanya hivi. Sentensi ikishasomwa, funika karatasi ya Kiingereza kwa mkono. Mwambie amsimulie nyanya yake kilichotokea, kama habari ya mtaani, kwa Kiswahili ambacho nyanya ataelewa mara ya kwanza. Hakuna mtoto atakayemwambia nyanya yake kwamba jua limeweka. Atasema limetua. Akishasema, ndipo aandike. Zile saba alizokosa azirudie kwa njia hiyo, halafu umwombe mwalimu wake azitazame tena. Sidhani atakataa.

Na kibao. Lile la kundi limekwisha kuwa Kiswahili, andika bila wasiwasi: seti moja, seti mbili, seti hii, seti hizi. Ila Kiswahili hutanguliza chenye kuelezwa, kwa hiyo "sofa seti" ni mpangilio wa Kiingereza uliopakwa rangi yetu. Wateja wako wa Kibuye wengi husema makochi. Mimi ningepaka, kwa herufi kubwa: SETI ZA MAKOCHI, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, meza, vitanda na kabati.